Vijiko vya Mwaitu

Jumatano, 5 Machi

Nesi wa kliniki amesema niandike kila kitu Mwaitu anachokula, hata kama ni kijiko kimoja. Nimemwambia niliachia shule darasa la tano. Akasema hataki insha, anataka vijiko. Basi nimechukua daftari la Kemia la binti yangu Mumbe, alilobakisha kurasa nyingi alipoenda bweni. Mwaitu ni mama yangu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu Ukambani. Jina lake ni Nthoki. Tangu Krismasi anaishi nami hapa mtaa wa Ziwani, jijini, na tangu Krismasi anakonda.

Leo mzani umesema kilo arobaini na mbili. Asubuhi, uji vijiko vitatu. Mchana ukumbini, muthokoi vijiko viwili, na ni mimi niliyeupika.

Kila Jumatano sisi kina mama tunawapikia wazee wa mtaa chakula cha mchana pale ukumbini. Ni wazee thelathini na kitu, waliokuwa reli, waliokuwa kanjo, yaani baraza la jiji, na wajane wao. Mwaka wa nne sasa mimi ndiye mpishi mkuu. Mahindi ya muthokoi nayakoboa vizuri, maharagwe yake yanaiva mpaka yanapasuka, na wazee wanapangusa sahani kwa kidole. Anayeacha ni mama yangu mzazi.

Akiacha anasema neno lile lile. "Nimeshiba. Mpe mtoto."

Mtoto gani? Mumbe yuko shule. Nesi anasema akili ya mzee wakati mwingine inachanganya miaka.

Ndolo amepiga simu kutoka mji wa Wote, kwetu Ukambani. Ni kaka yangu mkubwa, na Mwaitu alikaa kwake miaka sita. Amesema anakuja mwezi wa tano, na akimkuta chini ya kilo arobaini anamrudisha nyumbani akalishwe na watu wanaojua kulisha. Ndivyo alivyosema. Watu wenyewe ni mke wake, aliyeniletea mama yangu na nguo mbili kwenye mfuko wa unga.

Akienda sasa, safari ile tena, sijui kama nitamwona. Sitaki aende.

Alhamisi, 6 Machi

Uji vijiko viwili. Chai nusu kikombe. Mawingu yamekuja yakaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Uji vitatu. Ndengu kimoja, akatema. "Mpe mtoto."

Jumatano, 12 Machi

Tumepata mgeni jikoni. Anaitwa Aluoch, amehamia nyumba za mstari wa nyuma kutoka mtaa wa Umoja. Ni mjane, miaka arobaini hivi, mrefu, cheko lake linasikika mpaka barabarani. Alikuja akasema, "Dada, nimesikia mnapika. Nipe kazi yoyote." Nikampa vitunguu vyote peke yake nione atalia saa ngapi. Hakulia. Nikampa sukuma wiki. Akaikata nyembamba kama nyuzi za sweta.

Mzee Zedekiah, aliyekuwa fundi wa reli miaka thelathini na sasa kazi yake ni kutuchokoza, aliinua sukuma akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama Mumbe, leo mmenunua wembe?"

"Ni huyu mgeni aliyekata."

"Basi mgeni asiondoke. Zile zako za kila siku nilikuwa nadhani nakula jani la mgomba."

Wazee wakacheka. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini.

Mwaitu: muthokoi vijiko viwili.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Ilianza saa nne asubuhi kuni zikiwa nje, tukapika na moshi. Lakini si hilo linalonifanya niandike.

Sisi tuna utaratibu. Mpishi hali mpaka mzee wa mwisho aweke kijiko chini. Halafu tunakula jikoni tumesimama, kile kilichobaki kwenye sufuria. Ni heshima. Mtu aliyezeeka hatakiwi kuona aliyempikia anatafuna mbele yake. Nilifundishwa hivyo, na ukumbini ni mimi niliyewafundisha wengine.

Leo, wazee hawajafika hata nusu ya sahani, namwona Aluoch amevuta kiti, ameketi goti kwa goti na Mwaitu, na ana sahani yake mwenyewe. Anakula. Nikaenda taratibu nisimwaibishe.

"Aluoch, hapa mpishi hula mwisho."

"Najua, dada, samahani. Nimeona mama amekaa peke yake."

Peke yake vipi, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na kijiko mkononi?

Nilitaka kumwinua. Kisha nikaona sahani ya Mwaitu. Nikaanza kuhesabu. Vijiko kumi na vinne. Kumi na vinne. Nimeandika mara mbili ili nesi asidhani nimekosea.

Mama wengine walimpigia Aluoch makofi. Mzee Zedekiah akaniambia, "Mama Mumbe, naona umestaafishwa bila barua."

Nilifurahi Mwaitu amekula. Mungu anajua nilifurahi. Lakini nilipokuwa nakwangua sufuria nilikwangua mpaka mwiko ukavunjika.

Alhamisi, 20 Machi

Uji vijiko viwili. Kwa Aluoch kumi na vinne, kwangu viwili. Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Nimesaga njugu karanga nikatia kwenye uji, na maziwa, na siagi kidogo. Nikampelekea kwenye kikombe kizuri cha wageni. Nikasimama kando yake nimlishe pole pole.

Kijiko kimoja. Akanitazama usoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichoweka na hakioni. "Nimeshiba. Mpe mtoto."

Nikamwambia, "Mwaitu, mtoto ni mimi, na mimi sina njaa, nitakula baadaye." Akafunga mdomo.

Jumatano, 26 Machi

Kumi na vitano. Na alicheka.

Sasa mimi nauliza, Mwaitu hajui Kijaluo. Aluoch hajui Kikamba. Kiswahili cha Mwaitu ni cha sokoni, cha kuuliza bei. Wanacheka nini? Na baada ya kula Mwaitu alimshika mkono, akauweka kwenye paja lake, akawa anaupiga piga. Sikumbuki mara ya mwisho nilishikwa mkono hivyo.

Nilimfuata Aluoch kwenye mfereji wakati anachota maji.

"Unaweka nini kwenye sahani ya mama yangu?"

"Kile mlichopika, dada. Chumvi haijabadilika."

"Hakuna kitu unaongeza?"

Akanitazama kama anataka kucheka, kisha akaona sichezi. "Hakuna, Mama Mumbe."

Sikumwamini. Naandika ukweli kwa sababu hili daftari ni langu. Nilidhani anatia kitu.

Ijumaa, 28 Machi

Ndambuki amerudi na lori kutoka Mombasa. Mume wangu hana maneno mengi. Nilimweleza yote wakati anavua viatu vyenye tope. Akasema, "Kwani mnagombania mama kama kiti cha dirishani? Amekula au hajala?"

"Kwake amekula. Kwangu hajala."

"Basi si amekula."

Wanaume hawaelewi.

Mwaitu: uji viwili, ugali hakugusa.

Jumatano, 2 Aprili

Nilifika ukumbini mapema nikahamisha kiti cha Mwaitu, nikakiweka karibu na mlango wa jikoni, upande wangu. Aluoch nikampa kugawa upande ule mwingine, mbali. Mwaitu alikula viwili, akaanza kugeuza shingo. Anatafuta. Mama yangu anatafuta mtu mwingine na mimi niko mbele yake.

Aluoch alipomaliza upande wake akaja na kiti chake na sahani yake. Kumi na vitatu. Mimi nikajifanya naosha karai lililokuwa safi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Uji vitatu. Ndolo amepiga tena. "Anakula?" Nimesema anakula. Nimemdanganya nusu.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimefanya jambo baya, nitaliandika lote.

Asubuhi nilimvalisha Mwaitu sweta na kitambaa cha kichwa, akaketi kitandani akiningoja, miguu imening'inia kama msichana anayepelekwa sherehe. Akasema, "Twende kwa yule." Hakusema twende ukumbini, alisema kwa yule. Nikamvua sweta. Nikamwambia mvua ni nyingi, leo hatuendi. Mvua yenyewe ilikuwa manyunyu tu. Nikamwomba jirani akae naye, nikaenda mwenyewe kupika.

Ukumbini Aluoch aliuliza, "Mama yuko wapi?"

"Ana homa kidogo."

"Pole. Nitampelekea chakula."

"Usijisumbue, amelala."

Mzee Zedekiah naye akadakia, "Huyo mama Nthoki asipokuja hapa panapoa. Mwambie nimemwekea kiti, na asilete mume."

Sikuweza kucheka. Nilichanganya chumvi mara mbili kwenye maharagwe, mara ya kwanza katika miaka minne, na wazee kwa heshima wakala wakinywa maji.

Nyumbani Mwaitu hakula kitu. Hata uji. Alikuwa ameketi palepale kitandani na kitambaa chake kichwani.

Jioni kabla giza halijaingia mlango ukagongwa. Aluoch, amelowa mpaka magoti, mtaro wa nyuma umefurika, ana sahani imefunikwa na sahani nyingine na kitambaa juu. Kwa sababu maharagwe ya leo yaliharibika alikuwa ameenda kwake akapika upya. Nilisimama mlangoni nikiuziba kwa mwili wangu.

"Bado amelala," nikasema.

Nyuma yangu Mwaitu alikohoa. Aluoch alisikia. Najua alisikia. Akanipa sahani kwa mikono miwili akasema, "Akiamka, dada," akarudi kwenye mvua.

Sikumpa Mwaitu. Nilikwenda pale kwenye jiko nikafunua, nikala mwenyewe, nimesimama, kijiko baada ya kijiko, nikitafuta kile alichotia. Nilitafuna kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hakukuwa na kitu. Ni muthokoi. Ulikuwa muthokoi wangu mimi, jinsi nilivyowafundisha jikoni, ila umepungua chumvi kidogo.

Nilimaliza sahani yote ya mama yangu. Vijiko kumi na sita.

Alhamisi, 10 Aprili

Uji kimoja. Sina la kuandika.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua kubwa, ya kweli mara hii. Maji yameingia ukumbini, Mzee Wekulo, mmoja wa wazee wetu, na wenzake waliokuwa kanjo wamekuja kutazama mtaro na kubishana ni nani aliuchimba vibaya. Hatukupika.

Nilimpeleka Mwaitu kliniki nimemfunika na karatasi ya nailoni. Mzani umesema thelathini na tisa. Nesi alisoma daftari. Alipitisha kidole kwenye mistari akitafuta namba tu, akasimama hapa na hapa.

"Hizi kumi na nne, kumi na tano, ni za siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatano kuna nini?"

Nilitaka kusema kuna Aluoch. Nikasema tunakula ukumbini.

"Na hii ya tarehe tisa? Kumi na sita, halafu sioni umeandika amekula nini."

Nikasema nilikosea kuandika. Uso wangu uliwaka.

Ndolo anakuja Jumamosi tarehe tatu Mei. Amesema anakuja na gari la rafiki yake lenye kiti cha kulala. Ameshapanga hata kiti.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mumbe amekuja likizo. Tumechinja kuku. Nilimwekea Mwaitu sahani yake kwanza, peke yake mezani, nyama laini, kama malkia. Sisi tukangoja jikoni amalize. Vijiko viwili. "Mpe mtoto." Mumbe akamwambia nyanya yake, "Susu, mimi hapa, nitakula," akatoka na sahani yake nje kwa wenzake. Mwaitu akabaki anaangalia mlango wa jikoni, mahali nilipokuwa nimesimama.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemrudisha Mwaitu ukumbini. Nilimvalisha sweta na kitambaa, na njiani nilimwomba Mungu anipe mdomo.

Maji yamepungua lakini sakafu bado ni tope, tuliweka mbao. Wapishi walikuja watatu tu. Aluoch alifika amechelewa kwa sababu ya mtaro. Alipoingia Mwaitu alipiga makofi mara moja, pole pole, kama mtu anayeua mbu. Nikahisi lile jambo likinipanda tena kifuani. Lakini thelathini na tisa ni thelathini na tisa.

Nikamvuta Aluoch kando ya sufuria.

"Siku ile mama hakuwa na homa."

"Najua, dada."

"Chakula chako nilikula mimi."

"Kilikuwa kizuri?"

"Chumvi haikutosha."

Alicheka lile cheko lake, na mimi, sijui kwa nini, machozi yakaanza. Nikamwambia, "Aluoch, nakuomba. Niambie unamfanyia nini mama yangu. Kaka yangu anakuja kumchukua."

Aliniangalia kama mtu ambaye hajaelewa swali.

"Sifanyi kitu. Nakula."

"Unakula vipi?"

"Nakula tu, Mama Mumbe. Ile siku ya kwanza nilimpa kijiko, akaniuliza, mtoto umekula? Nikasema bado, mama, nitakula baadaye. Akafunga mdomo. Nikaona huyu mama hatakula na mimi sijala. Nikaenda kuchukua sahani. Nilidhani unajua. Nilidhani unaniachia kwa sababu wewe una kazi nyingi."

Hapo nikakumbuka.

Mwaka wa njaa, themanini na nne, mimi nilikuwa na miaka minane. Mvua haikuja kwetu. Tulikuwa watoto watano na sufuria moja ndogo, ile iliyopindika mpini. Mwaitu alikuwa anasimama mlangoni mgongo umeegemea nguzo, anatutazama tukila, na tukimwambia njoo ule anasema, nimeshiba, mpe mtoto. Mtoto alikuwa mimi, wa mwisho. Na sisi tulimwamini. Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia kwamba Mwaitu hakuwa mtu wa kula sana.

Sasa mimi, kwa heshima yangu, tangu Krismasi nimekuwa nikisimama mbele yake na mikono mitupu na kumwambia nitakula baadaye. Maneno yake mwenyewe. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote. Kwa Ndolo wanakula wote pamoja kwenye sinia moja, wale watu nisiowaheshimu, na alikuwa anakula.

Nilichukua sahani. Mama mmoja akasema, "Mama Mumbe, wazee hawajamaliza." Nikasema najua. Nikavuta kiti, Aluoch upande mmoja, mimi upande mwingine. Mzee Zedekiah akageuka mzima mzima.

"Leo stesheni masta amepanda gari moshi."

"Kula chakula chako, mzee," nikasema, na nikatia kijiko mdomoni.

Mwaitu alinitazama ninavyotafuna. Alingoja nimeze. Halafu akachukua kijiko chake mwenyewe.

Kumi na saba.

Alhamisi, 24 Aprili

Uji, tumekunywa pamoja, kikombe kizima. Ugali na mboga, vijiko tisa. Ndambuki naye nimemketisha, akauliza kuna nini, nikamwambia kaa ule.

Jumatano, 30 Aprili

Utaratibu wa ukumbini tumeubadilisha. Mama wawili wamenuna, wanasema nimewaharibia heshima. Wapishi sasa wanakula na wazee. Mwaitu kumi na vitano, lakini alitoa kipande chake cha nyama akakiweka kwenye sahani ya Aluoch, si yangu. Nimekiona. Nitasema tu nimekiona.

Kliniki: kilo arobaini na nusu.

Jumamosi, 3 Mei

Ndolo alifika saa saba, Mwaitu akiwa anakula, mvua inanyesha, na gari lake lenye kiti cha kulala. Hakutaka kuketi. Alisimama katikati ya chumba mikono kifuani, akimtazama Mwaitu kama anayekagua ng'ombe. Mwaitu aliweka kijiko chini.

"Unaona?" Ndolo akasema. "Hali."

Nilimpa sahani.

"Nimekula njiani."

"Keti ule, kaka."

"Kaluki, nimekwambia nimekula."

"Mwambie yeye."

Mwaitu alikuwa anamtazama. Akasema kwa Kikamba, sauti ndogo, "Nimeshiba. Mpe mtoto." Ndolo alikuwa na miaka kumi na saba mwaka ule wa njaa. Aliacha shule akaenda kuvunja mawe. Nilimwona akisikia. Mikono ikashuka. Akaketi pale chini kwenye mkeka, mtu mzima mwenye mvi, akala ugali huku anaangalia sahani tu. Mwaitu akala naye.

Sikumwambia kilo wala hakuuliza. Alipomaliza akatoka akaongea na mwenye gari dirishani, na gari likaenda. Ataondoka kesho, peke yake.

Nilidhani hapo yameisha. Lakini jioni, chakula mezani, mimi, Ndolo, Mumbe, Ndambuki, kila mtu na sahani yake, Mwaitu akahesabu vichwa kwa kidole. Akaweka kijiko chini.

"Na yule mwingine amekula?"

"Yule nani, Mwaitu?"

Alinitazama kama mimi ndiye niliyepoteza akili.

Ningeweza kusema amekula. Lilinijia neno hilo, lilikuwa mdomoni, na ninakiri lilikuwa tamu. Watoto wake wawili wa kuzaa wako mezani na bado anamtafuta huyo.

"Bado," nikasema.

Nikajitanda leso, nikapita kwenye mbao za mtaro mpaka mstari wa nyuma, nikamgongea Aluoch. Alikuwa amesimama kwenye jiko lake peke yake, anakula kutoka kwenye sufuria. Nikamwambia, "Twende. Mama amekataa kula."

Tulikuwa sita kwenye meza ya watu wanne. Mwaitu alikula. Vijiko sikuhesabu, nilikuwa nakula.